Mwajiri Wako ni Nani?

Kila mwaka kiangazi kiingiapo, vijana wengi hushuka kutoka Mgeta, Matombo, Kinole na vijiji vingine vya milima ya Uluguru kwenda kutafuta kibarua. Wengine huishia Morogoro mjini, katika viwanda, maghala na majengo yanayojengwa. Wengine huenda mbali zaidi, kwenye mashamba ya miwa ya Mtibwa au ya Kilombero. Ukimwuliza mmoja wao kazi gani aifanya, atakujibu mara moja. Lakini ukimwuliza amfanyia nani kazi hiyo, huenda akasita. Atamtaja nyapara aliyemwandika jina, au fundi aliyemchukua, au kampuni ambayo jina lake aliliona siku moja ubavuni mwa gari. Nani hasa ni mwajiri wake, hajui.

Wasomaji wetu, jambo hili si dogo. Mtu asiyemjua mwajiri wake hajui amdai nani siku atakapopunjwa mshahara, wala amwendee nani siku atakapokatika kidole. Kwa hiyo twapenda leo kueleza kwa utaratibu haki za wale wanaofanya kazi chini ya wakandarasi wadogo, ili kila jamaa ipate kuwafundisha watoto wake kabla hawajafunga mizigo yao.

Jinsi kazi inavyopita mikononi

Mwenye mali, yaani kampuni, shirika au Serikali, ana kazi kubwa ya kufanywa. Humpa mkandarasi mkuu. Mkandarasi mkuu hukata kazi ile vipande vipande: huyu achimbe msingi, huyu apakie mizigo, huyu alinde lango, huyu afagie na kupika. Kila kipande hupewa mkandarasi mdogo. Huyu naye huenda akamwita mtu wa nne, naye ndiye atafutaye watu na kuwalipa. Hivyo fedha hushuka ngazi baada ya ngazi, na kila ngazi hubakiza sehemu yake. Anayeshika jembe yuko chini kabisa.

Kugawa kazi namna hii si kosa. Wako wakandarasi wadogo waaminifu, nao huwapatia riziki watu wengi. Kosa huanzia pale ngazi zinapogeuzwa kuwa maficho. Tuseme kijana amefanya kazi miezi 8, kisha asubuhi moja aambiwa asirudi tena, na mshahara wa mwezi wa mwisho hakupewa. Amwendea nyapara, nyapara asema, "Mimi ni mtu wa kutumwa tu, nenda kwa mkandarasi." Mkandarasi asema, "Mimi mwenyewe sijalipwa, nenda kampuni kubwa." Kampuni kubwa yasema, "Wewe hatukujui, jina lako halimo katika daftari letu." Kijana huenda na kurudi, juma baada ya juma. Wala haambiwi na mtu kwamba sheria imempa siku chache tu za kupeleka malalamiko yake, na kwamba siku hizo zinakwisha huku yeye akizungushwa.

Wazee wetu waliona mambo yanayofanana na haya. Katika mashamba ya mkonge ya Morogoro, Kimamba na Tanga walikuwako manamba, watu walioandikwa kazi mbali na kuletwa kwa makundi. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda ofisi yao ya kuandika watu, iliyojulikana kwa jina la SILABU, nayo ilikusanya vibarua kutoka Kigoma, Songea, Ruanda-Urundi na kwingineko. Manamba alipewa kipande cha siku 30, na kila siku aliyomaliza kazi ilitiwa alama. Maisha yake yalikuwa magumu, na jina lake liligeuzwa namba. Walakini alijua mkonge anaoukata ni wa shamba la nani. Kibarua wa leo ana simu mfukoni na jina lake kamili, lakini pengine hilo moja halijui.

Sheria yasemaje

Katika Tanzania Bara ziko sheria mbili zinazotupasa kuzijua kwa majina. Ya kwanza ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004. Ya pili ni Sheria ya Taasisi za Kazi, Namba 7 ya mwaka huo huo. Ndugu zetu wa Zanzibar wana sheria zao za ajira na mahusiano kazini, zilizotungwa mwaka 2005.

Hakuna mahali sheria hizi zinaposema kwamba mtu wa mkandarasi mdogo ni nusu mfanyakazi. Kinyume chake, Sheria ya Taasisi za Kazi imeweka kanuni yenye nguvu sana. Yasema kwamba mtu anayemfanyia mwingine kazi atahesabiwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vingine, hata mkataba wao uwe wa namna gani, ikiwapo hata dalili moja tu kati ya hizi:

1. Namna anavyofanya kazi yaamriwa au kusimamiwa na mwingine.
2. Saa zake za kazi zapangwa na mwingine.
3. Ikiwa kazi ni ya shirika au kampuni, yeye ni sehemu ya shirika hilo.
4. Amemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi, au zaidi, katika miezi 3 iliyopita.
5. Riziki yake yamtegemea yule anayemfanyia kazi.
6. Hupewa vyombo vya kazi na mtu huyo.
7. Hafanyi kazi kwa mwingine ila kwa huyo mmoja.

Msomaji atazame maneno haya kwa makini. Sheria haianzi kwa kuuliza karatasi yasemaje. Yauliza: nani aliyekuamuru? Nani aliyekupangia saa? Panga, koleo, kofia ngumu, ulipewa na nani? Kwa hiyo mkataba unaosema, "Huyu si mwajiriwa wetu, ni mtu aliyejitegemea," haumalizi neno. Na yule anayekata miwa na kulipwa kwa kadiri alivyokata hapotezi haki kwa sababu hiyo tu.

Kuhusu mawakala wanaotafutia watu kazi, mwaka 2014 Serikali ilitoa kanuni zilizoeleza kwamba kazi ya wakala ni kumkutanisha mtafuta kazi na mwajiri, wala si yeye kujifanya mwajiri na kuwakodisha watu. Kanuni hizo zilitolewa kwa sababu ya malalamiko mengi ya wafanyakazi waliojikuta kati ya mabwana wawili, bila kumpata hata mmoja wa kuwajibu.

Haki zisizopunguzwa na ngazi

Yeyote aliye mwajiriwa, awe wa kampuni kubwa au wa mkandarasi wa mwisho, ana haki hizi.

Haki ya maandishi. Mwajiri hana budi kumpa maelezo ya kazi yake kwa maandishi: majina, aina ya kazi, mahali, siku ya kuanza, muda wa mkataba, saa za kazi na ujira. Tena, kesi ikitokea na mwajiri akashindwa kuleta maandishi hayo, ni juu yake kuthibitisha masharti yanayobishaniwa. Basi mwajiri asiyetoa karatasi ajitia mwenyewe mashakani.

Haki ya saa. Saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku, wala 45 kwa juma, wala siku 6 kwa juma. Saa za ziada hufanywa kwa mapatano, na malipo yake ni mara moja na nusu ya mshahara wa kawaida. Kila juma ana mapumziko ya saa 24 mfululizo.

Haki ya mshahara. Kima cha chini hutangazwa na Serikali kwa Amri ya Mshahara, nayo hubadilishwa mara kwa mara. Yafaa kila mtu aulize kwa Afisa Kazi kima cha kazi yake. Mshahara haukatwi ila kwa amri ya sheria au kwa mapatano yanayokubalika kisheria. Na neno hili wakandarasi walisikie: siku ya mshahara ikifika, mshahara ni deni. Kwamba mkandarasi mkuu hajalipa ni shauri kati ya wakandarasi wawili. Kibarua hakuingia katika mapatano yao, wala hapaswi kubeba hasara yao.

Haki ya likizo. Likizo ya mwaka ni siku 28. Asiyetimiza miezi 6 kwa kawaida hana likizo hiyo yenye malipo, lakini sheria imemtoa katika kizuizi hicho mfanyakazi wa msimu. Wakata miwa na walewanaofanya kazi ya tumbaku wakati wa msimu wasisahau. Mama aliyejifungua ana likizo ya uzazi yenye malipo isiyopungua siku 84.

Haki ya akiba. Michango ya NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na sehemu anayokatwa mfanyakazi haipaswi kuzidi asilimia 10. Wako waajiri wanaokata fedha hizo na kuziweka mfukoni mwao. Kila mwanachama ana haki ya kuuliza katika ofisi ya NSSF kama michango yake yafika. Aulize sasa, asingoje uzee.

Haki ya kutunzwa aumiapo. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ilianzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mwajiri ndiye anayechangia mfuko huo. Mfanyakazi hakatwi kitu. Mtu akiumia kazini, au akipata ugonjwa uliotokana na kazi, mwajiri apewe habari mara moja, na tukio liandikwe. Akifa, wanaomtegemea wana haki ya kudai. Vifaa vya kujikinga hutolewa na mwajiri, wala mfanyakazi haviuziwi.

Mwisho, ana haki ya kuingia chama cha wafanyakazi. Kwa mashamba kiko TPAWU. Kwa migodi na ujenzi kiko TAMICO. Kwa viwanda na biashara kiko TUICO. Mtu mmoja akizungushwa huchoka na kwenda zake. Watu 50 wenye kiongozi na daftari ni vigumu kuwazungusha.

Siku 30 na siku 60

Sasa twafika mahali ambapo wengi hupoteza haki zao. Mashauri ya kazi hupelekwa kwanza katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi waiita CMA. Morogoro iko ofisi yake. Anayelalamika hujaza Fomu Namba 1, nakala humpa anayemlalamikia, na Tume haimtozi ada ya kufungua shauri. Kwanza hujaribiwa usuluhishi. Usipofaa katika siku 30, au muda ulioongezwa kwa mapatano, shauri laweza kwenda kwa mwamuzi.

Walakini saa inapiga. Anayelalamika kwamba ameachishwa kazi bila haki hana budi kufika katika siku 30 tangu alipoachishwa. Madai mengine, kama vile ya mshahara, yana siku 60 tangu mgogoro ulipotokea. Aliyechelewa aweza kuomba aongezewe muda, lakini sharti aeleze sababu ya kuridhisha, na Tume yaweza kukataa.

Tumkumbuke kijana yule aliyezungushwa kutoka kwa nyapara hata kampuni kubwa. Juma la kwanza alimngoja nyapara. La pili mkandarasi alikuwa safarini. La tatu aliambiwa arudi mwisho wa mwezi. Juma la tano limeanza, na siku 30 zimekwisha. Labda waliomzungusha hawakukusudia hila. Lakini wawe wamekusudia au hawakukusudia, mlango wa kulalamikia kuachishwa kwake sasa hautafunguka ila kwa kuomba, na uliobaki wazi ni ule wa kudai mshahara peke yake.

Kwa hiyo twashauri hivi. Usingoje kumjua mwajiri kwa hakika ndipo uende. Nenda mapema kwa Afisa Kazi au katika ofisi ya Tume, ueleze ngazi zote. Kama una shaka ni nani kati ya wawili, eleza shaka hiyo na kuwataja wote, ili Tume iamue nani apaswa kujibu. Aliyemtaja mtu asiye mwajiri wake, kisha akagundua baada ya miezi mingi, huanza upya akiwa amechelewa.

Jambo jingine lafaa lijulikane. Aliyefanya kazi chini ya miezi 6 kwa mwajiri yule yule hawezi kutumia sehemu ya sheria inayohusu kuachishwa bila haki. Hii ndiyo sababu mahali pengine jina la kampuni hubadilishwa, lakini nyapara ni yule yule, lango ni lile lile na vyombo ni vile vile. Mtu wa namna hiyo asikate tamaa. Mshahara wa siku alizofanya kazi ni haki yake hata kama ni juma moja, na dalili zile 7 tulizozitaja zaweza kumsaidia kueleza kwamba mwajiri wake hakubadilika ila kwa jina.

Basi tangu siku ya kwanza kila kijana awe na daftari dogo. Aandike siku aliyoanza, jina la aliyempokea, jina la kampuni lililo langoni, saa alizofanya na fedha alizopokea. Atunze kitambulisho cha kazi na ujumbe wa malipo ulioingia katika simu. Wala asitie sahihi karatasi tupu, au karatasi asiyoisoma, hata akiambiwa gari laondoka.

Kazi za Serikali

Morogoro imeona kazi kubwa za taifa. Ujenzi wa reli ya kisasa kutoka Dar es Salaam ulianza mwaka 2017, na treni za abiria zikaanza kufika Morogoro tarehe 14 Juni 2024. Katika kazi kubwa namna hii ngazi za wakandarasi huwa nyingi. Yafaa ikumbukwe kwamba Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha Mkataba Namba 94 mwaka 1949, unaotaka mikataba ya kazi za Serikali iwe na masharti ya kulinda ujira na hali za wafanyakazi, pamoja na wale wa wakandarasi wadogo. Tanganyika iliridhia mkataba huo mwaka 1962, mara tu baada ya uhuru. Waliolijenga taifa changa waliona kwamba fedha ya wananchi haifai kujenga barabara kwa kumpunja mwananchi. Kila ofisi ya Serikali, ya mkoa na ya halmashauri, itoapo kandarasi leo, yapaswa kulikumbuka hilo.

Kanisa lasemaje

Wasomaji wetu waliojifunza Katekisimu wazijua dhambi zinazolilia mbinguni. Mojawapo ni kumnyima mfanyakazi ujira wake. Torati iliagiza maskini alipwe siku ile ile, kabla jua halijatua, kwa maana roho yake yautegemea ujira huo. Mtume Yakobo aliwaonya matajiri kwamba ujira waliowazuilia wavunaji unapiga kelele, na kelele hizo zimefika masikioni mwa Bwana.

Baba Mtakatifu Leo wa 13, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alifundisha kwamba mapatano peke yake hayaufanyi mshahara kuwa wa haki. Mtu aliyekubali ujira mdogo kwa kulazimishwa na njaa amedhulumiwa, ijapokuwa alisema "nakubali". Miaka 90 baadaye, Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa 2, katika Laborem Exercens ya mwaka 1981, aliongeza fundisho linalogusa hasa shauri letu. Alieleza kwamba yuko mwajiri wa moja kwa moja, aliyepatana na mfanyakazi. Na yuko mwajiri asiye wa moja kwa moja, yaani watu na taasisi, na kwanza Serikali, ambao kwa taratibu zao huamua hali ambayo yule wa kwanza atampa mfanyakazi. Wote hao wana wajibu. Anayetoa kandarasi kwa bei ndogo hata mshahara wa haki hauwezi kutoka humo, hawezi kunawa mikono.

Tulitazame tena lile shamba la mizabibu katika Injili ya Mathayo. Mwenye shamba alikuwa na msimamizi. Jioni ilipofika hakuwaacha vibarua wahangaike na msimamizi peke yao. Yeye mwenyewe alitoa amri walipwe, wa mwisho kwanza. Na waliponung'unika, hakuwaambia waende kwa msimamizi, alisimama akawajibu. Huo ndio mfano wa mwenye mali anayejua kwamba ngazi za chini ni mikono yake.

Nasi pia tu waajiri

Somo hili lisiishie kwa makampuni. Parokia nyingi hujenga: kanisa, nyumba ya mapadre, darasa, zahanati. Kamati hupatana na fundi mkuu, na fundi mkuu huleta vibarua wake. Kamati ikisha kumlipa fundi, je, huuliza kama aliyebeba mchanga na mawe amelipwa? Jamaa ijengayo nyumba, je, huuliza? Haitupasi kubariki ukuta uliosimama juu ya deni la kibarua. Kamati yaweza kufanya mambo matatu mepesi: kuweka katika mapatano neno la mishahara, kuwa na orodha ya majina ya vibarua wote, na kutotoa malipo ya mwisho mpaka vibarua wenyewe wathibitishe kwamba wamepata haki yao.

Nao wafanyakazi wakumbuke wajibu wao. Kazi ifanywe kwa uaminifu, vyombo vitunzwe, madai yawe ya kweli. Daftari la uongo humharibia mwenye haki aliye nyuma yake.

Maswali ya kujifunza nyumbani na katika Jumuiya Ndogo Ndogo

1. Katika jamaa yetu, nani afanya kazi chini ya mkandarasi mdogo? Je, aweza kumtaja mwajiri wake?
2. Zitaje dalili 7 za mtu kuwa mwajiriwa. Ni zipi zilizomo katika kazi yake?
3. Aliyeachishwa kazi ana siku ngapi za kufika katika Tume? Na anayedai mshahara?
4. Ofisi ya Afisa Kazi na ya Tume ziko wapi katika mkoa wetu? Nani katika Jumuiya aweza kumsindikiza asiyejua njia?
5. Parokia yetu ikijenga, nani ahakikisha kwamba vibarua wamelipwa?

Wazazi, kijana wenu anapoaga, mpeni baraka, nauli na daftari lile dogo. Na mwambieni aandike katika ukurasa wa kwanza jibu la swali hili kabla hajashika jembe: mwajiri wangu ni nani?